Mwiko wa Kumwita Jerono kwa Nyuma

Nilipokuwa bado mtoto wa kuchunga ndama katika shamba la Kaburu mmoja, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Eldoret, mji ambao wazee wetu waliuita Sisibo, nyumbani kwetu palikuwa na mwiko ambao sijausikia kwingine. Mdogo wangu Jerono hakuruhusiwa kuitwa kwa nyuma. Kogo, nyanya yetu, alisema kwamba Jerono alipewa jina la ukoo la mama yake Kogo mwenyewe, na kwamba marehemu huyo, enzi za uhai wake, hakumwitikia mtu asiyemwonyesha uso. Atakayekiuka atamkasirisha, na mtoto atanyamaza daima.

Tulitii. Nilipotumwa kumwita Jerono kutoka kwenye mahindi, nilizunguka shamba zima hadi mbele yake, nimenuna, ndipo nikamwambia chakula kiko tayari. Hata baba, ambaye alikuwa amebatizwa na hakupenda habari za mizimu, alizunguka.

Shuleni hakuna aliyezunguka. Shule yenyewe ilikuwa banda la udongo kando ya miti ya wati, na mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa magharibi, Mkristo hasa. Alikuwa na desturi ya kuita majina akitembea nyuma ya mabenchi, akihesabu vichwa vyetu. Jerono hakuitika hata siku moja.

"Mwandikie barua, Mwalimu," mwenzetu mmoja alisema. "Labda hiyo ataijibu."

Wiki ya tatu Mwalimu aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mabenchi ni machache na wanaongoja nafasi ni wengi. Asiyetaka kuitika ampishe anayetaka. Ijumaa ingekuwa siku ya mwisho ya Jerono.

Nami nilijua kwamba kila jioni Jerono alinichorea mavumbini herufi zote alizoziona ubaoni, wakati mimi nilikuwa bado nazichanganya. Basi Ijumaa hiyo niliinua mkono, nikaueleza mwiko wa Kogo mbele ya darasa zima, uso ukiniwaka kwa aibu.

"Mambo ya mizimu tuliyaacha nje ya mlango huu," Mwalimu alisema.

Lakini alisimama nyuma ya Jerono, akamwita mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akaja mbele, akainama, akamwita kwa sauti ya kawaida.

"Niko, Mwalimu," Jerono akajibu, kwa ile sauti yake nzito tuliyoizoea.

Mwalimu akauziba mdomo wake kwa daftari la majina, akamwita tena. Jerono alilitazama daftari, akangoja.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliuliza kama Jerono aliwahi kuugua, nikakumbuka surua iliyomlaza alipokuwa na miaka mitatu. Siku ileile alimhamishia benchi la mbele, akaniweka kando yake ili nimguse bega wengine wanaposema. Tangu hapo Mwalimu hakuzungumza akiwa ametugeuzia mgongo: aliandika kwanza, akageuka, ndipo akasema.

"Mwambie nyanya yako amesema kweli," aliniambia tulipotoka. "Ila amemsingizia marehemu."

Nilimpelekea Kogo ujumbe huo neno kwa neno. Alikuwa akipukuchua mahindi, wala hakuinua kichwa.

"Marehemu hatachukia," alisema.

Mimi niliacha shule mapema, nikaenda kukamua ng'ombe. Kusoma nilijifundisha ukubwani, kwa vitabu vikuukuu vya Jerono. Nimepata miaka mingi ya kulifikiria jibu lile. Kwa muda mrefu niliamini kwamba Kogo alikosea kwa bahati njema. Siku hizi sidhani. Nadhani alimwona mjukuu wake kabla yetu sote. Angalisema kwamba mtoto hasikii, tungalimhurumia siku mbili, kisha tungaliendelea kumpigia kelele kutoka mlangoni. Alisema kwamba marehemu anadai heshima, na nyumba nzima ikajifunza kuzunguka.