Kibali cha Baraza ya Mama

Hasira zangu ziko karibu, nakiri. Baba alikuwa akisema nilizaliwa siku treni imechelewa, na tangu hapo sijamsamehe mtu. Yeye alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na hakuna jambo alilokosa kulitilia mzaha. Sijui basi kwa nini nilishangaa alipokaribia kuipoteza baraza ya Mama kwa sababu ya mzaha huo huo.

Nyumba yenyewe iko Chemchem, hapa Tabora mjini. Baba aliijenga kidogo kidogo, leo matofali, kesho saruji, mwaka mwingine hakuna kitu. Alichokiwazia zaidi ya vyote kilikuwa baraza ya mbele, inayotazama barabara. Miguu ya Mama ilikuwa imeanza kumkatalia, na Mama ni mtu wa kujua nani kaenda sokoni, kabeba nini na karudi na nani. Ukimfungia ndani unamuua. Baba akasema kama Mama hawezi tena kuufuata mtaa, basi mtaa utapita mbele yake. Msingi wa baraza akauweka kabla hata ya ukuta wa jikoni. Nilimgombeza kwa mpangilio huo wa ajabu, wala hakunisikiliza.

Kisha tukaambiwa barabara itapanuliwa. Maombi yote mapya ya ujenzi upande wetu yalitakiwa kuiachia barabara nafasi zaidi, na nafasi hiyo ilikuwa inaimeza baraza nzima. Sisi tulisalimika kwa kuwa kibali chetu kilikuwa cha zamani. Sharti lilikuwa moja tu, kihuishwe kabla muda wake haujaisha. Kikishakufa tunaomba upya, na msingi wa baraza unabomolewa.

Mafaili ya vibali pale manispaa yalikuwa mikononi mwa mama mmoja Mzaramo. Baba, Mnyamwezi. Asiyejua maana yake nimweleze: hao ni watani. Babu zetu walipokuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, walipita Uzaramo, wakalala huko, wakala huko, wakagombana na kupatana, na mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo hawakutani bila kuchokozana. Na mtani hakasirikiwi. Siku ya kwanza Baba alipopeleka ramani, yule mama aliigeuza juu chini akauliza ni nyumba au mzinga wa nyuki. Baba akamjibu kwamba mla nazi ataijulia wapi nyumba ya matofali. Alirudi nyumbani uso umemchangamka, na tangu hapo akawa anabuni sababu za kwenda ofisini, mara kuulizia choo, mara kuulizia uzio, mfukoni ana michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, ya kumfundishia Mzaramo kutafuna.

Mimi nilikuwa Kaliua, nauza vitenge. Alhamisi moja nikaja Tabora kwa treni kuwasalimia. Tunakula ugali wa mchana, Baba akaanza kutusimulia utani mpya. Mtani wake kampigia simu mara tatu wiki hiyo. Kamwambia kibali chake kinakufa Ijumaa, asipokwenda atakuja mwenyewe kukizika, na matanga atakaa pale pale barazani. Baba kamjibu aje basi na nazi za kupikia hayo matanga. Mama alicheka. Baba alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi tonge nikalirudisha sahanini. Nikauliza ni Ijumaa ipi.

"Aa, huyo ananitania tu," Baba akasema.

Nikataka kukiona kibali. Kilikuwa pale pale nyumbani, kwenye vitu vya fundi, kimeviringishwa na ramani ndani ya nailoni, kimening'inizwa kwenye msumari katika chumba kisicho na dari. Nikasoma tarehe, ilikuwa kesho yake. Jamani, nilichemka. Nilimwambia mtu mzima aliyesoma ratiba za treni miaka yote hiyo anashindwaje kutofautisha tarehe na mzaha, na nikaongeza mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Alikwenda kusimama juu ya msingi wa baraza, mikono nyuma, akawa anaitazama barabara. Alikuwa ameogopa. Nilimpenda sana baba yangu saa ile, na nilijuta kila neno nililomtamkia.

Jioni ile ile tulimfuata mwenyekiti wa mtaa, akatuandikia barua kwamba ujenzi upo na unaendelea. Asubuhi ya Ijumaa tulifika ofisini mapema, Baba kavaa kofia yake ya kijivu, ile ya kwendea mambo mazito. Mtani hakuwapo. Tukaambiwa katoka, funguo za kabati kaondoka nazo, tusubiri. Tulikaa kwenye benchi. Watu wakaja, wakahudumiwa, wakaondoka, na Baba hakumchokoza hata mmoja. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa. Mchana ukaingia nami nikaanza kuhesabu saa zilizobaki kabla ofisi haijafungwa.

Yule mama aliingia saa saba imepita, viatu vimejaa vumbi. Baba akainuka, akavua kofia.

"Nilidhani unanitania," alisema.

Yule mama alimtazama kwanza. "Mpagazi wangu," akasema, "wewe nitakutania mpaka nikuzike. Baraza ya mkeo siitanii."

Alikuwa ametoka Chemchem. Baada ya kumpigia mara tatu na kuambulia vicheko, alikuwa ameamua kumfuata nyumbani kwa miguu, akamkuta Mama, Mama akamwambia mzee ameshatoka kwenda huko huko kwake. Tulikuwa tumepishana. Akafungua kabati, akatoa faili letu. Fomu alikuwa ameshaijaza yote kwa mkono wake, tangu Jumatatu, imebaki saini na barua ya mtaa. Baba alihangaika kuutafuta mstari wa kutia saini, na yule mama akajifanya anatafuta muhuri ambao ulikuwa mbele yake. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumwamkia mara ya pili. Shikamoo ya kwanza alikuwa ameshaiitikia mlangoni.

Kwa usumbufu aliompa mtani, Baba alitozwa faini ya kopo la asali. Alilipa baada ya kubishana wiki nzima.

Baraza ilikwisha kabla ya mvua. Mama akawekewa kiti chake, na haukupita mwezi akawa anajua habari za mtaa kuliko mwenyekiti. Jumapili mtani alikuwa akija kukaa naye, akasimuliwa hata maneno ya Baba ya ile Alhamisi, na kila akija Baba alilalamika kwamba Wazaramo wana haraka, wanawahi matanga mwenyewe yuko hai.

Mwaka jana mvua zilipoanza, Baba alifariki. Watani walikuja, kama wanavyopaswa kuja, kutuzuia tusife na sisi. Yule mama alipita katikati ya waombolezaji bila kumsalimia mtu, akaingia ndani, akatoka na kofia ya kijivu kichwani. Akakaa kwenye kiti cha Baba, kando ya Mama. Akaweka simu sikioni kama aliyepigiwa na mtoa roho, akakunja uso vile vile Baba alivyokuwa akiukunja.

"Leo?" akasema. "Aa, huyo ananitania tu."

Watu waliguna. Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa neno, alicheka, pale barazani kwake, na mtaa mzima ukamwona.