Siku Niliyoambiwa Moyo Wangu Umesimama

Nilikuwa nimeshaacha shule tangu baba alipofariki, ili nimsaidie mama biashara ya dagaa. Mama naye alipofariki, nilibaki na wadogo zangu watatu katika nyumba yetu ya Ujiji: mvulana anayenifuata, msichana anayemfuata, na kitindamimba wetu wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza kusoma.

Siku ya arobaini ya mama, shangazi, dada yake baba, alitoka kwake Buzebazeba, akasubiri wageni watawanyike, kisha akaniita uani.

"Mtoto halei watoto," alisema. "Lakini mimi sina haraka. Nakupa mpaka mvua zikatike. Nikikuta umelegea, nagawa. Mmoja kwangu, mmoja kwa baba yenu mdogo, huyu wa mwisho tutaona."

Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa nyama ya akika. Mimi kilichoniingia ni lile neno "tutaona." Tangu siku ile nikaapa kwamba shangazi hatanikuta nimekaa.

Na kweli sikukaa. Alfajiri nilikuwa Katonga kupokea mitumbwi iliyotoka ziwani, karabai zikiwa bado za moto. Nanunua dagaa, nabeba, naanika mchangani, nageuza, nafukuza kunguru, naanua, napika, nafua. Nilikula nimesimama, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine kwenye ufagio. Hata siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kwa sababu taa haiwavuti samaki mbele ya mwezi, na pwani nzima inalala na kusukana nywele, mimi nilikuwa natafuta kazi. Nilisugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Usingizi ukaanza kunikimbia. Chumvi naitia mara mbili au naisahau kabisa. Siku hizi redioni wanazungumza juu ya afya ya akili na mimi hukaa nikasikiliza mpaka mwisho. Wakati ule tulikuwa na neno moja tu, mawazo, na mtu mwenye mawazo aliambiwa aache kuwaza.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, baadaye na kutoka Zaire, na mji ukajaa. Foleni ya bomba ilirefuka, magari meupe yakapita na vumbi lake, na pale pwani ukasikia Kiswahili cha kila namna. Nyuma ya nyumba yetu jirani alimpa hifadhi mama mmoja wa Kirundi, aliyeingia kwa mtumbwi kupitia Kagunga, kijiji cha mpakani, na wanawe wawili. Yeye na mume wake walipoteana njiani. Alikuja kuanika dagaa karibu yangu kwa kibarua, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Bujumbura, kisichojali sana ngeli.

Kitu kimoja kilinishangaza kwake. Alikuwa na kitenge kimoja, lakini kila jioni, kazi ikiisha, aliingia ziwani na kipande cha sabuni ya mawese, akaoga taratibu kama ana harusi, kisha akakaa kwenye jiwe akachana nywele. Nilimwona mvivu kidogo.

Asubuhi moja nilikuwa nageuza dagaa. Nilipofika mwisho wa safu nikarudi mwanzo nikageuza tena wale wale, upande ule ule wa kwanza. Alinitazama, akaja akanishika mkono.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "moyo yako imesimama."

Niliweka kiganja kifuani. Kilikuwa cha baridi kwa maji ya ziwa, na kwa kihoro nilikiweka upande wa kulia. Sikusikia kitu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Siku nyingi. Mimi naona kwa macho yako tu."

"Na mtu anaweza kuishi hivyo?"

"Wanaishi. Wengine miaka." Akacheka kidogo. "Hata yangu imesimama, tangu tuvuke ziwa."

"Na unatembea?"

"Natembea, nifanye nini? Kuna watoto."

Nilimtazama mwanamke huyu mwenye moyo uliosimama akirudi zake kwenye dagaa, anapiga mluzi. Nikasema, Wallahi, watu wa ng'ambo ni wagumu.

Sasa nieleze kwamba sisi ni watu wa Ujiji ambao babu zetu walitoka upande wa pili wa ziwa, na nyumbani hatukusema ila Kiswahili. Kiha, lugha iliyo ndugu na Kirundi, changu kilikuwa cha sokoni, cha kupatana bei. Kwa hiyo nilichoambiwa nilikichukua kama kilivyo. Moyo umesimama. Mimi ni wa kufa, sijui lini, na nikifa shangazi atagawa.

Sikulia. Nilipiga hesabu yangu kama hivi: kama wadogo zangu wataweza kuendesha nyumba wenyewe, labda hawatagawanywa. Jioni ile nikawaita.

"Kuanzia kesho, wewe unakwenda na mimi Katonga kabla ya shule ujifunze kununua," nilimwambia mvulana. "Wewe unapika. Na wewe mdogo unafukuza kunguru."

"Na wewe unafanya nini?" mvulana akauliza.

"Nawaangalia."

"Amekuwa mjumbe wa nyumba kumi," akamnong'oneza dada yake, na wote wakacheka.

Mimi nikaanza kuutunza moyo wangu, usije ukaanguka kabla wadogo zangu hawajaiva. Nilitembea polepole. Nilikaa chini kwenye mkeka nikala kwenye sahani yangu mwenyewe, kitu ambacho sikumbuki kukifanya tangu msibani. Mchana, jua likiwa kali, nililala. Jioni nilimfuata yule mama ziwani, kwa sababu niliona yeye ameishi na ugonjwa huu muda wote na lazima anajua dawa yake. Nikaingia maji mpaka shingoni. Maji ya Tanganyika jioni ni ya uvuguvugu juu na baridi miguuni, na ukitulia unaona mpaka vidole vyako chini. Alinisugua mgongo kwa mchanga laini, akanisuka. Hatukuzungumza mambo makubwa. Alinisimulia jinsi mwanawe alivyomwita mbuzi wa jirani kwa jina la mwalimu wake wa zamani.

Nyumbani, ugali wa kwanza wa yule msichana wa kati ulikuwa na madonge ya kuvunja jino. Wa nne ulilika. Mvulana alipunjwa kipimo siku ya kwanza, siku iliyofuata akamsimamia muuzaji mpaka akaongezewa. Na mimi, mtu wa kufa, nikaanza kulala usiku kucha na kuamka na njaa.

"Dada amenenepa," yule mdogo akasema. "Dada anataka kuolewa."

Habari hazikosi miguu Ujiji. Shangazi aliambiwa kwamba nashinda nimelala mchana wakati watoto wanafanya kazi. Mvua zilikuwa hazijakatika bado, lakini alikuja, na kapu la kubebea nguo. Aliingia akanikuta mkekani, nimefumba macho.

"Ndiyo makubaliano yetu haya?"

Nikakaa. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nakuuliza."

"Naumwa, shangazi. Moyo umesimama."

"Umesimama wapi?"

"Umesimama tu. Haupigi."

Shangazi aliweka kapu chini. Alikuwa mkali, lakini alikuwa ameshamzika ndugu yake, baba yangu, na rangi ilimtoka usoni. Alinishika mkono, akaniburuta mpaka zahanati bila kufunga vizuri hata kanga yake.

Nesi alikuwa mama wa Kiha, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita foleni. Alinisikiliza kifuani, akanisikiliza mgongoni, akanitazama.

"Nani kakwambia umesimama?"

"Jirani yetu. Mrundi."

Alivua vile vipira masikioni, akaegemea meza akacheka mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. "Mwanangu, kwao Warundi na kwetu Waha, mtu akiwa na wasiwasi tunasema moyo wake umesimama. Alikuona una hofu, basi. Huu moyo wako unatwanga vizuri."

Shangazi akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nesi akaniuliza kuhusu usingizi, kula, kazi, na ninaishi na nani. Nikamweleza nilivyokuwa na ninavyofanya sasa, kulala mchana, sahani yangu, ziwa, kugawana kazi na wadogo. Hakuandika dawa.

"Endelea hivyo hivyo," alisema. "Ila hofu yenyewe ni ya nini?"

Nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona marehemu na marehemu haogopi mtu: "Naogopa shangazi atatugawa."

Shangazi alifunga kanga yake upya, polepole, akasema, "Twende nyumbani."

Tulipofika, chakula kilikuwa tayari. Mvulana alimletea maji ya kunawa, yule wa kati akaweka ugali na dagaa wa nazi, mdogo akajibanza nyuma yangu akilitazama lile kapu. Shangazi alimega, akatafuna.

"Nani kapika?"

"Mimi," yule wa kati akajibu.

"Chumvi imezidi." Akamega tena. Alikula mpaka sahani ikaisha, akaomba ukoko.

Alipomaliza alisema bila kututazama: "Nitachukua mmoja." Mdogo akaning'ang'ania mgongoni. "Kila Alhamisi jioni. Atalala kwangu, Ijumaa nitamrudisha. Wiki ijayo mwingine. Nyumba yangu ina kimya sana na mimi nachoka kusikiliza saa ya ukutani. Siku za mbalamwezi nitakuja mwenyewe kupika, maana huyu atawaua kwa chumvi."

Mvua zilikatika na hakuna aliyegawanywa. Wadogo zangu walikuwa wakigombania zamu ya kwenda kwa shangazi, kwa sababu ya maandazi.

Kuna siku, walipokuwa wamemaliza mzunguko, shangazi alitokea mlangoni Alhamisi na kuuliza, "Ni nani leo?"

"Wote wameshapata zamu," nilimwambia.

"Na wewe?"

Nilitaka kusema nina dagaa wa kuanua. Mvulana akaniondolea kichwani beseni la kuanulia. Usiku ule nililala Buzebazeba kwenye kitanda cha shangazi, upande wa ukutani, na asubuhi jua liligonga bati mpaka likapata moto, na hakuna mtu aliyeniamsha.