Siku ya Kuonyesha Kwetu

Mjomba wa mchumba wangu, ambaye sote tulimwita tonton, alikataa kupanga siku ya mahari mpaka aone kwetu kwa macho yake. Katika ukoo wao wa Lubumbashi, binti haozwi kwa mtu asiye na kwao. Sebuleni kwake, karibu na Porte de Namur jijini Brussels, nilimweleza kwamba wazazi wangu ni Watanzania lakini nimekulia Köln, Ujerumani. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi, baba alirudi Moshi akaoa tena, na siku hizi hatusemezani.

"Bon," akasema. "Twende Köln."

Jumamosi moja tukapanda treni pale Gare du Midi, yeye na suti yake ya kijivu na kofia. Sikuwa na ndugu hata mmoja wa kumwonyesha.

Nilianza na kanisa kuu, maana ukitoka tu stesheni unakutana nalo. Nikampitisha kwenye daraja la reli lililosheheni kufuli za wapendanao, tukashuka ukingoni mwa Rhine, mahali nilipozoea kurusha mawe na kuzipungia mkono meli za mizigo. Nilibwabwaja kama mtembeza watalii, na nilijichukia.

"Minaona kanisa, minaona maji," akasema hatimaye. "Bantu beko wapi?"

Kutafuta hao watu, nikampeleka kwenye jengo tulilokuwa tukiishi. Majina yote kwenye kengele za mlangoni yalikuwa mageni. Hasira zikanipanda: mbona mzee huyu ananigeuza mshtakiwa katika mji ulionilea?

"Na mama yako, mulimuzika wapi?"

Hapo nikapata nguvu. Kaburi lilikuwapo, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Tukapanda tramu hadi makaburini. Nikatangulia kwa haraka, nikapita bomba la maji, nikakata kushoto penye misonobari, nikasimama ghafla. Safu nzima ilikuwa nyasi tupu. Hapakuwa na msalaba wala jiwe.

Mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akimwagilia maua jirani akanieleza kwa upole: makaburi ya safu yana muda wake, ukiisha hauongezwi, yanasawazishwa. Tangazo lilikuwa limewekwa palepale, nami nilikuwa Brussels. Kwetu nani angewaza kwamba kaburi lina mwisho?

Nilimtafsiria tonton yote. Nikaiona ndoa yangu imeota mabawa.

"Sina kwetu, tonton," nikasema.

Akavua kofia yake taratibu.

"Salimia mama yako."

"Nimsalimie wapi? Sijui hata alilazwa sehemu gani."

"Fasi yote."

Nikageuka kila mahali, nikaziamkia zile nyasi shikamoo, huku nikilia bila kujificha. Mzee akapiga magoti na suti yake, akagusa udongo.

"Maman," akasema, kama mkwe anayejitambulisha ukweni, "siye njo bakwe bako. Tumefika."