Pumzi Ndani ya Gitaa

Mchana mmoja nilikuwa studio ya Ukunda, nikisubiri zamu yangu ya kurekodi tangazo. Mzee mmoja, mpiga muziki wa hotelini, alikuwa ametoka kurekodi gitaa la nyuzi za nailoni, peke yake chumbani. Fundi wa sauti akaicheza tena rekodi, akakunja uso.

"Mzee, unapumua kwa nguvu. Niifute hii pumzi?"

Mzee akavaa hedifoni, akasikiliza, kiganja kifuani.

"Mimi nikipiga huibana pumzi, mwanangu. Aliyekuwa akipumua hivi ni marehemu kaka yangu. Gitaa ni lake."

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe. Mimi, niandikaye katika safu hii kila mara kwamba siamini mizimu, nilikuwa nimeshasogea mlangoni.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Punguza gitaa kidogo," akasema. "Nimsikie vizuri."