Nyonga ya Mama

Nilivunjika mkono kwa sababu ya shuka. Nilikuwa uani kwangu, Nyakarenzo, naanua nguo kabla mvua haijafika, nikateleza, nikajikinga kwa kiganja cha kushoto. Nilisikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu.

Hospitalini Mibirizi walinifunga plasta. Daktari, kijana mpole, aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Maman, ulianguka kutoka wapi?"

"Kutoka pale nilipokuwa nimesimama."

"Basi huu mkono haukupaswa kuvunjika hivi. Nataka upimwe mifupa, tujue imebaki na nguvu kiasi gani."

Mashine yenyewe ilikuwa Kigali. Nilipewa karatasi ya maelekezo: siku moja kabla ya kipimo nisimeze vidonge vya kalsiamu, nivae nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma, nijaze majibu ya maswali kadhaa. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini, karatasi hainitishi. Lakini swali moja nililiacha wazi. Waliuliza kama mama yangu au baba yangu aliwahi kuvunjika nyonga.

Mama alivunjika. Siku hiyo alikuwa jikoni na mke wa kaka yangu, wawili tu. Asubuhi walikuwa wamebishana juu ya maharage yaliyoungua. Tulisikia kishindo, na tulipofika Mama alikuwa chini, wifi yangu amesimama kando yake, sufuria bado mkononi.

"Alikuwa anageuka tu," alisema. "Akageuka, akaanguka."

Hatukumwamini. Mama mwenyewe hakusema lolote, alikuwa analia kwa maumivu. Alilala kitandani miezi minne, akafariki. Neno "alimsukuma" nililitamka mimi kwanza, kwenye kilio, mbele ya majirani. Halikuhitaji kurudiwa. Kaka alimchukua mkewe na watoto wakahamia Bugarama, wakaanza kulima mpunga. Tangu hapo tulikutana kwenye mazishi tu.

Nilipanda basi la asubuhi. Ndani ya msitu wa Nyungwe ukungu ulikuwa mzito, abiria wengi walilala. Mimi nilikaa na ile karatasi mapajani, kalamu mkononi, na swali likabaki wazi mpaka Kigali.

Mtaalamu wa mashine alikuwa mwanamke wa makamo. Alinipima uzito, kisha urefu. Nilimtajia urefu ninaouandika tangu ujana wangu, akatikisa kichwa.

"Umepungua sentimita nne, mama."

Nilivua hereni. Pete ilinikatalia, tukaitoa kwa sabuni. Kisha akaisoma karatasi yangu.

"Hapa hukujibu. Mama yako alivunjika nyonga?"

"Alivunjika. Ila alisukumwa."

"Ulimwona aliyemsukuma?"

"Hapana."

Aliandika kitu.

Nililala chali juu ya meza ndefu. Aliweka mto mgumu chini ya miguu yangu, baadaye akauondoa, akanigeuzia unyayo ndani na kuufunga kwa mkanda ili nyonga ionekane vizuri. Mkono wa mashine ulipita juu yangu polepole, bila kunigusa. Hakuna kilichouma. Aliniambia nisitikisike, nami sikutikisika, lakini machozi yalishuka masikioni. Nilikuwa nawaza jinsi Mama alivyokuwa akiinama mwaka hadi mwaka, nasi tukisema ni uzee.

Wiki iliyofuata daktari wa Mibirizi alinisomea majibu. Mifupa yangu ilikuwa imepungua nguvu sana, ya nyonga kuliko yote. Kulikuwa na dawa ya sindano, na nilipaswa kuianza mapema. Nilimweleza habari za Mama, nikamuuliza.

"Siwezi kuapa juu ya mtu ambaye sikumpima," alisema. "Lakini mfupa wa namna hii unaweza kuvunjika kwa kugeuka tu. Wengine huvunjika kwanza, ndipo wanaanguka."

Nilishuka Bugarama Jumamosi ile. Nilimkuta wifi yangu mbele ya nyumba, anapepeta mchele kwenye ungo. Kaka alitoka, akaona plasta, akaniletea kiti. Sikukaa. Nilieleza kila kitu, kipimo, daktari, maneno yake.

Wifi aliendelea kupepeta hadi nilipomaliza.

"Nilibaambia siku ile ile," alisema.

"Ulituambia. Ni mimi nilisema ulimusukuma."

"Batoto yangu balikuwa banasikia."

"Najua. Nimekuja kuomba msamaha. Nitasema pia mbele yao, na mbele ya wale waliokuwa kwenye kilio, wale ambao bado wako hai."

Aliingia ndani, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa na sahani ya wali na samaki ambaye tayari amemtoa miiba, kwa kuwa nilikuwa na mkono mmoja. Tulikula. Jioni kaka alinisindikiza hadi stendi. Wifi alibaki mlangoni.

Neno la kusamehe sikulisikia siku hiyo, wala sijalisikia bado. Lakini siku chache baadaye simu iliita, na wifi ndiye aliyepiga.

"Ile sindano, utachomwa siku gani?"

"Jumatatu."

"Utaenda na nani?"

Nilimwambia nitaenda peke yangu. Akaniuliza hospitali inafungua saa ngapi.