Nilivyomsaili mzee wa watu sebuleni

Jamani, hadi leo sijui niliwezaje. Nilipopata kiinua mgongo cha ualimu niliogopa kukila chote, nikatafuta mshauri wa fedha. Mmoja wa Bunda akaahidi kuja kwangu Kitaji Jumamosi. Siku hiyo akabisha hodi mzee mwenye suti, na mwenzake. Nikawaketisha, nikaanza.

"Hii kazi umeifanyaga muda gani?"

Mzee akashangaa. "Kazi gani, mama? Tumekuja kutembea tu."

Nikaona ananizungusha. Nikamuuliza kama amewahi kupoteza mali. Akajibu ng'ombe wake hajapotea hata mmoja. Ng'ombe wanaingiaje hapa? Kichwa kikavurugika, nikaamua kumpasulia ukweli.

"Baba, nina wengine wawili, wa hapa mjini na wa Butiama. Nitamchukua wa bei ya chini."

Binti yangu Nyangeta akatokea jikoni amevaa kitenge kipya, amebeba trei ya soda. Simu yangu ikaita. Mshauri wa Bunda alikuwa anauliza njia.

Mzee akavaa kofia yake, akamwambia mwenzake taratibu, "Binti ana wachumba watatu, na mama anamtaka mwenye ng'ombe wachache."