Ratili na Namba Yake Nzuri

Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani, na wauza nyama walimwita Ratili. Akiingia buchani na mawe yake ya kupimia, utani ulikatika hapo hapo. "Mtu hudanganya," alizoea kusema. "Namba haidanganyi."

Basi alipokwenda na shemeji yake, kaka wa mkewe, kupimwa damu kwa ajili ya tezi dume, namba ya shemeji ikaja juu, yake ikaja chini kabisa. Ratili alimpa shemeji pole kwa sura ya msibani, huku cheti chake mwenyewe kikichungulia mfukoni mwa shati.

Miezi minne baadaye mkojo ukaanza kutoka kwa matone, na kiuno kikauma hata kuvaa soksi ikawa kazi ya mkewe.

"Nenda hospitali, baba."

"Nikafanye nini? Cheti si kipo kabatini?"

Mkewe hakubishana na kabati. Alimpigia simu kaka yake, naye akaja na gari, akampakia mgonjwa kama gunia.

Daktari, binti wa rika la mwanawe, alimpima kwa kidole. Akachukua vinyama kutoka kwenye tezi, vikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka aliwaketisha wote watatu, Ratili, mkewe na shemeji.

"Mzee, saratani hii ni ya nadra, tena ina mbio. Chembe zake hazitoi kile tunachokitafuta kwenye damu."

"Kwa hiyo kipimo kilikosea?"

"Hapana, kilipima sawasawa. Ila ugonjwa wako haukuwemo kwenye mzani."

Ratili akamnyooshea kidole shemeji. "Na ya huyu?"

"Yake inatambaa. Tunaichunga tu. Anaweza kuzeeka nayo."

"Samahani, shemeji," akasema shemeji, kama mtu aliyeshikwa akiruka foleni.

Dawa za kushusha homoni peke yake zisingefua dafu. Akawekewa dripu za dawa ya saratani, mizunguko sita. Nywele zikaaga, hamu ya chakula ikazifuata, lakini maumivu yakalegea. Wodini aligombana na wauguzi kwamba mzani wao unazidisha kilo moja na nusu. Wakaleta mwingine ili wamkomeshe. Ikawa kweli.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, safari hii kwenye ini. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, na shemeji awe anamnyoa ndevu kila Ijumaa. Shemeji alimnyoa Ijumaa kumi na moja zilizobaki, akimkwaruza karibu kila mara, na Ratili akimtukana kila mara.